Siku Mgonjwa Alipoingia Chumbani

Nilipoanza uuguzi wa afya ya akili, miaka ya 1990, elimu kwa ndugu ilitolewa dirishani. Ndugu alitoa kadi, akapewa bahasha ya vidonge na maneno machache: asubuhi kimoja, usiku viwili, asiache. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kwenye benchi akisubiri kuchomwa Modecate, ile sindano ya mwezi. Hakuna aliyemwambia anaumwa nini. Ndugu naye aliondoka na neno lile lile alilokuja nalo: kichaa.

Ndivyo tulivyofundishwa, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini yaliyofuata nyumbani tuliyaona yakirudi kliniki. Kijana anachomwa sindano, baada ya siku chache shingo imekakamaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Wazee wanasema hospitali imemharibu, au jini limekasirika, na safari ya kwa mganga inaanza upya. Kumbe ni dawa, na vidonge vya Artane vingempunguzia. Mwingine anakunywa Largactil, anashinda shambani bila kofia, ngozi inababuka kwa jua. Nani alimwonya?

Lililotusumbua zaidi ni hili: anayeacha dawa mara nyingi hazidiwi siku ile ile. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, anacheka na watu, tena amechangamka kwa kuwa ule usingizi wa dawa umemtoka. Sifa zote zinakwenda kwa aliyemwombea. Hali ikirudi, analetwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu, na sisi tunawagombeza ndugu kwa jambo ambalo hatukuwahi kuwaeleza.

Kwetu mabadiliko yaliletwa na ofisa ustawi wa jamii aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Aliomba stoo iliyokuwa imejaa vitanda vibovu, akaisafisha, akaanza kuwakusanya ndugu kila Alhamisi. Wagonjwa waliachwa nje. Mpaka siku moja kijana mmoja akasukuma mlango.

“Sista, samahani. Mnaongea habari zangu na mjomba, mimi nimekaa nje kama mzigo wake. Hizo sauti nazisikia mimi.”

Akakaribishwa akae. Akaeleza jinsi sauti zinavyomtukana, hasa usiku, na jinsi anavyozijibu ili zinyamaze. Mjomba akamkazia macho: “Kwa hiyo yale matusi hukuwa unanitukana mimi?” Kwa muda wote ule alimwona mpwa wake ni jeuri, na alikuwa akimwadhibu kwa ujeuri.

Baadaye nilisoma utafiti wa George Brown na wenzake wa London, wa miaka ya 1960 na 1970: mgonjwa wa skizofrenia anayerudi kwenye nyumba ya lawama na kukaripiwa huzidiwa tena kwa urahisi zaidi. Mjomba yule alikwishanifundisha.

Tangu hapo waliingia wote wawili. Hata waganga tuliacha kuwatukana, maana kumtukana mganga ni kumfukuza mama wa mgonjwa. Tulisema: mpeleke akaombewe, mama, ila sindano isikatizwe, na usikubali afungwe minyororo. Miaka ya karibuni katika hospitali za Muhimbili na Mbeya umefanyika utafiti uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, yaani KUPAA, ambamo mgonjwa na ndugu yake hufundishwa pamoja. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Sisemi kazi imekwisha. Kabati la dawa likiwa tupu, somo zuri la Alhamisi halimsaidii mtu, na hilo bado linatokea.

Wewe unayemsindikiza ndugu yako kliniki mwezi huu, ingia naye. Ulizeni pamoja ugonjwa unaitwaje, dawa inaitwaje, itamfanyaje mwilini, na akianza kukosa usingizi mfululizo mumpigie nani. Msitoke kabla hamjajibiwa.