Giabox Haijafa

Gari la zamani likianza kuchezacheza kwenye gia, watu husema giabox imekufa. Ni hukumu ya haraka, na mara nyingi si ya kweli. Liva ikilegea hata dereva asijue kama ameingiza gia ya kwanza au ya tatu, kuna maswali ya kuuliza kwanza. Gia zinaingia bila kusaga? Zikishaingia, zinakaa? Kama hazisagi na hazichomoki, basi ndani ya giabox kuna uzima bado. Kilichokwisha ni kitu kidogo kilicho kati ya mkono wa dereva na meno ya gia.

Haya tulifundishwa na baba yetu, aliyekuwa fundi magari mjini Moshi kwa zaidi ya miaka thelathini. Tuko watoto wanne. Mmoja wetu ni mchungaji, na ndiye aliyepewa kalamu, ingawa wengine watatu wamesoma kila mstari na kufuta baadhi. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la milango miwili, injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, lita 2.4. Baba alilipata badala ya ujira, mwenye nalo alipohama nchi. Washarika wenye umri wanalikumbuka gari la namna hii katika mashindano ya Safari: mwaka 1971 walishinda nalo Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews. Katika mashindano hayo ya pili Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ilibidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kuvunja sare. Baba alipenda kutusimulia habari hiyo tukiwa tumeshaisikia mara mia.

Siku hizi hasimulii. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakavurugika. Akitaka maji husema kuni, na anajua kabisa kwamba alilolisema silo, ndiyo maana hasira humpanda. Wageni wema walikuja na maziwa na ndizi, wakaketi hatua mbili kutoka kitandani, wakatuuliza sisi, "Anatambua watu?" Naye yupo, anasikia, anawatazama usoni.

Lakini tukianza Sala ya Bwana, baba huisali yote, tangu mwanzo hadi Amina, bila kukwama hata neno moja. Wauguzi walitueleza kwamba jambo hilo hutokea: sala na nyimbo zilizokaririwa tangu utotoni huweza kubaki pale ambapo mazungumzo yamekatika. Wapo waliotaka tulitangaze kanisani kama muujiza. Hatukutangaza. Tunamshukuru Mungu kwa sala ile kila jioni, na shukrani hiyo haihitaji kuongezwa chumvi.

Matibabu yana gharama, na gari lilikuwa limesimama bandani. Akaja fundi na mnunuzi. Fundi akaitikisa liva, ikaenda kulia na kushoto kama kijiko ndani ya kikombe, akasema giabox imekufa, labda kuuza kama chuma chakavu. Bei iliyotajwa ilikuwa ya kusikitisha. Wawili kati yetu walikuwa tayari kuipokea, maana ada ya mazoezi ya viungo ilikuwa inadaiwa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akapiga mkono wa kushoto kwenye kiti mara tatu. Neno halikutoka. Ndipo akaunganisha kidole gumba na cha shahada vikafanya pete ndogo, akatuonyesha. Dada yetu, ambaye utotoni ndiye aliyekuwa akimpa spana, akasema, "Bushi." Baba akalia.

Katika gari hili liva inashuka moja kwa moja juu ya mkia wa giabox. Inashikwa na pini inayopita katika masikio ya chuma, na kati ya chuma na chuma kuna bushi ndogo za plastiki. Miaka hamsini ya joto na mafuta huigeuza plastiki hiyo kuwa makombo. Tulifungua kirungu cha gia, tukaondoa ngozi na mpira wa kuzuia vumbi, tukalinyanyua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi, maana pini hufikiwa vizuri zaidi kwa chini. Pini ilipotoka, bushi moja ilianguka vipande viwili na nyingine haikuwapo kabisa. Pini yenyewe ilikuwa imeliwa upande mmoja. Tulimpelekea fundi mkereza vyuma, akatukerezea bushi mpya za nailoni pamoja na pini, akipima na kurudia kupima, kwa sababu bushi ikikaza mno liva huwa nzito, na ikilegea kidogo tu mchezo hurudi. Malipo yake hayakufikia bei ya tairi moja. Giabox hatukuifungua.

Tukiwa chini ya gari tulizungumza juu ya Hana kule Shilo. Midomo yake ilicheza, sauti haikusikika, na kuhani Eli, mtu wa Mungu mwenye uzoefu wa miaka mingi, akadhani amelewa. Moyoni mwa mama yule hapakuwa na kasoro yoyote. Alikuwa akiomba kuliko mtu yeyote hekaluni siku ile. Eli alitazama midomo. Nasi tuliosomea uchungaji tunapenda kumhubiri Hana na kumpita Eli haraka, labda kwa sababu ni mwenzetu wa kazi. Lakini mstari wa heshima kwake ni kwamba alipojibiwa, alisikiliza, na hukumu yake ikageuka kuwa baraka.

Jumamosi tulimwingiza baba kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa. Hataendesha tena, na hatukumdanganya kuhusu hilo. Ila klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na kwa gari lenye usukani wa kulia gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, yaani upande wake ulio mzima. Akakanyaga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ikiingia kwa mlio mdogo mkavu. Suala la kuliuza bado hatujakubaliana, na mnunuzi hajapiga simu tena.

Alipofika rivasi alisimama, akairudia mara mbili, akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kuelekea sanduku la spana.