Na maili tupu je?

Jamani, kila nikiongea na washkaji wenye malori yao kule Marekani, naambiwa bei tu: nimepata mzigo wa dola 2.50 kwa maili! Mimi huuliza, na maili tupu je?

Tupige hesabu. Mzigo wa maili 800 unalipa dola 2,000. Ukiufuata maili 200 bila kitu, lori limetembea 1,000. Kumbe umepata dola 2 kwa maili. Taasisi ya utafiti wa uchukuzi, ATRI, ilikadiria wastani wa gharama mwaka 2023 kuwa dola 2.27, malipo ya dereva yakiwemo. Pengo: dola 270. Mwenye lori moja analiziba kwa mshahara wake mwenyewe.

Mnasemaje wadau?