Chai Baridi Chini ya Kilimanjaro

Ukishuka kutoka Marangu asubuhi, sweta utaivua kabla ya kufika Moshi mjini. Kule juu chai hunywewa ya moto. Huku chini, mwezi wa Februari, watoto hurudi shuleni wakitamani kitu baridi.

Mama mpendwa, jaribu chai baridi. Kwa lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chakula vya majani ya chai, mchaichai uliopondwa na vipande vya limau. Funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa nane, kisha chuja. Haiwi chungu, hivyo sukari kidogo inatosha.

Lakini angalia: hapa hakuna moto wa kuua vijidudu. Maji ya mfereji wa mlimani hung'aa, ila yamepita mashambani na penye mifugo. Yachemshe kwanza mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mchaichai na limau uvioshe kwa maji hayo hayo. Kama huna friji, pika chai kama kawaida, ipoe, imalizwe siku hiyo hiyo.

Sisi wauguzi huwaambia wajawazito wasinywe chai pamoja na chakula. Hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, nayo ndiyo hujenga damu. Subiri saa moja, ndipo unywe.