Kutelemka Soni kwa Pikipiki

Aliyepata kwenda Lushoto aijua barabara ya Mombo. Ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa milima ya Usambara: upande huu mwamba, upande ule bonde. Lushoto iko juu yapata meta 1,400. Mombo ipo chini kwenye joto.

Juzi nilitelemka kwa bodaboda. Tulipoyapita maporomoko ya Soni, kijana aliyenichukua akaitoa gia, akazima injini. "Mzee, mtelemko utatupeleka. Petroli ni ghali."

Loo! Moyo uliniruka. Injini ikiwa katika gia ndogo huizuia pikipiki isikimbie; ikizimwa, kazi yote huachiwa breki. Breki hupata moto, na ikiisha kupata moto haishiki sawasawa. Ndipo kona inapomkuta mtu.

Nilimsihi asimame, naye akasimama. Kofia yake ilining'inia kwenye usukani. Nilimweleza kuwa kofia ngumu iliyofungwa mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Akaivaa. Mimi sikuwa nayo. Kule Lushoto niliona haya kuidai, na hilo ni kosa langu.

Akawasha injini, tukashuka polepole. Njiani tulipishana na mwenzake amepakia mishikaki, abiria watatu na gunia la kabichi nyuma. Mzigo wa namna hiyo huliinua gurudumu la mbele, usukani ukakosa kutii. Na malori ya mboga nayo hukata kona!

Mombo, nilimlipa nauli yake, nikamwongezea shilingi 1,000 za ile petroli.