Bei ya Siku ya Msiba

Babu yangu hakuanza na majeneza. Alikuwa seremala wa vitanda na milango hapa Mabatini, Mwanza, na jirani akifiwa watu walimgongea usiku. Mbao alizokuwa ameziandaa kwa kitanda cha mtu zilipambazuka zikiwa jeneza, na alichopokea ni pesa ya misumari tu. Majirani Waislamu aliwarandia mbao za kufunikia mwanandani.

Kazi hiyo ikawa biashara mikononi mwa baba. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima wakawa wanaletwa Mwanza, na wengine hawakurudi kwao wakiwa hai. Mhaya hataki kulala ugenini. Atazikwa kwenye kibanja chake, migombani. Basi likahitajika jeneza la kustahimili safari ya meli hadi Bukoba, au foleni ya kivuko pale Kigongo. Nimewahi kukaa Kigongo na gari la msiba jua likituchoma, wafiwa wakipepea jeneza kwa khanga. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita zile tatu za maji tunazivuka kwa dakika chache, na kila nikipita nashukuru.

Mimi nilianzia kwenye msasa. Baadaye nikapewa randa, na mwisho kabisa bega la jeneza. Bega ndilo linalompima fundi wa majeneza. Ubao wa ubavuni unachanjwa kwa msumeno upande wa ndani, mistari kadhaa iliyokaribiana, isiyotoboa. Unamwagiwa maji ya moto, kisha unapindwa polepole huku mtu wa pili akishikilia. Ukiharakisha, unasikia mlio mkavu na ubao umekwenda. Baba alikuwa anapitisha kiganja kwenye kona ile akiwa amefumba macho. Kikikwaruza, unarudia.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Siku zile ndipo nilipoelewa ziwa linavyoufanya mwili. Maji huuvimbisha, na jeneza la kipimo cha kawaida halifungi. Tulipanua mabega, tukatandika nailoni nene ndani, juu yake maranda ya kunyonya maji. Hatukuwa na muda wa vanishi wala vitambaa. Wengi walizikwa Igoma, na hadi leo nikipita barabara ile navua kofia.

Katikati ya kazi ile alikuja mfanyabiashara mmoja akiwa na fedha taslimu. Alitaka kuchukua kila jeneza lililokuwepo na yote tutakayotengeneza, kwa bei mara mbili, akauze mwenyewe. Mafundi walitazamana, mishahara ilikuwa imechelewa. Baba alifuta mikono kwenye aproni, akamwambia, "Mzee wangu, bei ya leo ni ya juzi, na namuuzia mwenye maiti." Kisha akarudi kwenye msumeno wake. Hatukulizungumza tena, lakini nadhani siku hiyo ndipo aliponirithisha karakana, ingawa funguo alinikabidhi baada ya miaka mingi.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa ni 228. Safari hiyo karakana ilikuwa chini yangu. Simu zilianza kuingia usiku uleule, na muuza mbao naye akanipandishia bei. Nilichukua mbao kwa mkopo, nikauza kwa bei ya juzi. Deni nililimaliza mwaka uliofuata, na sijalijutia hata shilingi moja.

Sasa binti yangu ndiye anayepima na kupinda bega, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Bei tumeziandika kwa rangi ukutani, mlangoni kabisa, ili mfiwa asilazimike kuuliza huku analia. Nawaomba mafundi wenzangu wa Bugando, hospitali ya Sekou Toure na kwingineko wafanye hivyo. Nanyi mliofiwa, msikope kwa ajili ya mninga na vishikio vya kung'aa. Msonobari uliorandwa vizuri unamsitiri marehemu, na fedha inayobaki ni ada ya watoto wake.