Matisi: Hapa saa iliyokufa hufufua nyingine

Kutoka mjini Kitale hadi Matisi si safari ya kumchosha mtu. Ni mtaa wa viungani wenye nyumba za kupanga, vibanda vya mboga na pikipiki zinazogombania abiria. Wageni hupita tu, na hukosa mengi, kwani mafundi wa jua kali hapa ni wa kila namna: wa viatu, wa redio na hata wa saa.

Fundi wa saa niliyemtembelea hana duka. Ana mwavuli, kigoda na sanduku la kioo. Nilimkuta akimhudumia mama mmoja aliyefungua leso na kutoa saa ya zamani, ile ya kutia ufunguo.

"Ni ya marehemu mzee wangu. Kijana anaitaka," alisema.

Fundi alibana lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Springi kuu ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni kijiti chembamba kinachotoka kwenye kitufe cha pembeni kuingia ndani.

"Mama, ugonjwa ni mdogo, lakini dawa yake dukani haipo."

Akamimina mkebe wa saa mbovu juu ya kitambaa cheupe na kuanza kusoma namba zilizochongwa kwenye mitambo. Kijiti cha mtambo mwingine hakikubali. Alipopata namba inayolingana, alichomoa kijiti, akakikata kwa koleo, akakisawazisha kwa tupa na kukaza kitufe. Akrabu ya sekunde ikaanza kutembea. Mama hakusema neno. Alijifuta macho kwa leso ile ile.

Uhaba wa vipuri una historia yake. Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na kipande cha kwatzi na betri. Saa za aina hiyo zikawa rahisi mno. Uswisi, wafanyakazi wa saa walipungua kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hadi karibu 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Mitambo mingi ya kale haitengenezwi tena, na ndiyo maana mkebe wa fundi huyu ni mali.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza kazi hii wakati wa likizo aanze na saa mbovu, wala si ya babake! Anahitaji lenzi, bisibisi ndogo, kibano chenye ncha kali na kifaa cha kufungulia kifuniko. Saa ya betri ndiyo nyepesi: betri nyingi za vidonge ni za volti 1.55, ila ukubwa hutofautiana, hivyo soma namba ya ile ya zamani. Ishike kwa kibano cha plastiki, kwani chuma chaweza kugusanisha pande mbili na kuimaliza nguvu.

Kwa saa ya ufunguo, legeza springi kuu kabla ya kufungua mtambo wenyewe, la sivyo meno ya magurudumu yanaweza kuvunjika. Kila hatua ichore karatasini. Mafuta ya cherehani usiyatie kamwe; huganda. Na petroli ambayo mafundi wengi huoshea vyuma isikaribie jiko.

Fundi wa Matisi hununua saa zilizokufa, hata zisizo na kioo wala mkanda.