Mwezi Usio na Kazi Nao Unakula

Hapa Kakuma mtu akikuona na beji shingoni anajua una mshahara. Hajui kwamba beji ina tarehe ya mwisho. Mimi nafanya kazi na vijana, lakini sijaajiriwa na mtu. Naitwa kwa vipande: mafunzo ya siku tano, ukalimani wa siku mbili, kukusanya data kwa wiki. Kazi ikiisha beji inarudi ofisini, mimi narudi nyumbani kungoja simu.

Kungoja huko kuna msimu wake. Mwezi wa kwanza bajeti mpya hazijapita. Wa pili mikataba inangoja saini. Wa tatu umeshafanya kazi lakini malipo hayajaingia. Kwa hiyo mwaka una miezi 12, mimi nalipwa 9. Tumbo halijui hesabu hiyo.

Basi nikapiga yangu. Nyumba yetu inahitaji shilingi 6,000 kwa mwezi juu ya mgao. Kwa mwaka ni 72,000. Ukigawa kwa miezi 9 unapata 8,000. Maana yake nikipata 8,000, yangu ni 6,000. Ile 2,000 ni ya mwezi ambao sitaitwa. Na siku za kazi sihesabu 30. Kuna Jumapili, kuna malaria, kuna siku mwili unataka kulala tu, na hakuna anayenilipa siku hizo. Nahesabu 15. Zikizidi ni bahati.

Kwenye karatasi ni rahisi. Ugumu ni jirani. Mwaka 2025 mgao ulipopunguzwa na watu wakapangwa kwa makundi, kuweka akiba huku mtoto wa jirani anakuja na sahani tupu ilikuwa kama kuficha. Mama akaniuliza, "Mwanangu, pesa inayolala wakati watu wana njaa ni ya nini?" Nikamwambia, "Mama, mwezi wa kwanza sahani tupu itakuwa yetu." Tukakubaliana: unga tunagawana, akiba haiguswi.

Akiba yenyewe haikai kwenye simu. Iko kwenye likelemba ya watu 9, kila mmoja 2,000. Tunaanza mwezi wa nne, na mimi niliomba zamu ya mwisho, mwezi wa 12. Wengi wanakimbilia ya kwanza. Yangu, 18,000, inanifikia ofisi zikifungwa. Ni zamu ya hatari: mmoja akipata safari ya ghafla, mnyororo umekatika. Ndiyo maana tumechukua watu ambao tunajua milango yao.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, naomba mawili. Tuambieni mapema kazi inaisha lini, na tarehe ya malipo iliyo kwenye mkataba ifuatwe. Kwenu kuchelewa wiki mbili ni karatasi tu. Kwetu kunaweza kuvunja likelemba ya watu 9.

Na wewe kijana mwenzangu, ukishika mkataba, andika kwanza miezi ambayo hutalipwa. Unachotaka kununua kiandike chini yake.